Makuti ya Lamu: yabaki, au yapishe mabati?

Hoja. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ukitajwa, wengi huwaza majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani. Swali hapa ni la nyumba za kiambaza, yaani za kuta za fito na udongo, zilizoezekwa makuti, upande wa mtaa wa Langoni na pembezoni mwa mji. Je, wenye nyumba hizo walazimishwe kubaki na makuti kwa jina la uhifadhi, au waachwe waezeke mabati?

Fundi wa paa: Tazameni kwanza kiunzi. Nguzo za mikoko zimechimbiwa ardhini. Mwamba, mti wa kileleni, umelazwa juu ya nguzo ndefu za kati, makombamoyo, miti ya mteremko, yanashuka kutoka hapo hadi ukutani, na mapao, fito za kushikia makuti, yamefungwa kwa kamba kukingama juu ya makombamoyo. Miti hiyo ni ya mviringo, tena imepindapinda. Kamba inakubali hali hiyo, bati halikubali. Ili bati lilale sawa, inabidi mapao yang'olewe na ziwekwe mbao za kupasua, na kwa kuwa bati halihitaji mwinamo wa nyuzi 45, paa hushushwa.

Hapo ndipo ukuta unapoanza kufa. Upenu wa makuti hutokeza nusu mita au zaidi, maji yanadondokea mbali. Bati hukatwa karibu na ukuta ili kubana gharama. Masika yakija na upepo wa kusi, mvua hupiga kiambaza, udongo unalowa, fito zinaoza kwa ndani. Chokaa ikibambuka watu hupaka saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, kisha humeguka mapande na kuondoka na udongo wake.

Mwenye nyumba, Langoni: Yote kweli, fundi, ila umeiruka bei. Paa la makuti likiishi miaka mitano tunashukuru. Baada ya hapo ni makuti mapya, kamba mpya, na ujira juu. Wanaotaka mji upendeze machoni mwa wageni hawachangii hata kuti moja.

Fundi wa paa: Miaka mitano ni ya kazi ya kulipua. Kuti la viungo, lile la majani yaliyofungwa kwenye kijiti, lina urefu wa mita moja hivi, na safu zinatakiwa zifuatane kwa sentimita 10. Fundi akiziachanisha kwa sentimita 20 anaokoa nusu ya makuti, lakini jua linapenya, na likipenya jua mvua iko njiani. Kosa la pili ni kuezekea makuti mabichi: yakikauka husinyaa na kuacha mianya. La tatu ni mwinamo ulio chini ya nyuzi 35. Maji yanateremka polepole na kuti linabaki bichi mchana kutwa. Mgongo wa paa ndio huchoka kwanza. Ukiutia makuti mapya mapema, hulazimiki kufumua paa zima.

Mkaguzi wa moto: Mnajadili mvua kana kwamba moto haupo! Cheche moja ikirushwa na upepo yatosha, na paa la jirani liko hatua mbili tatu tu. Vichochoro vya Lamu vinapitisha punda, gari la zimamoto halipiti. Msitegemee boraksi, dawa ya kuzuia moto, pia: huyeyuka katika maji, kwa hiyo mvua huiosha na kazi inarudi pale pale. Kulazimisha makuti juu ya nyumba zilizogusana ni kuupangia moto njia.

Msanifu wa uhifadhi: Mkaguzi, tutenganishe mambo mawili. Nyumba ya mawe ina dari tambarare ya boriti, mawe ya matumbawe na chokaa. Makuti yaliyo juu yake ni kivuli. Yakiungua, dari hiyo huipa nyumba nafasi ya kupona. Nyumba ya kiambaza haina kinga hiyo, paa likishika moto linaangukia vitandani. Ajabu ni kwamba jikoni, friji na taa za wageni zimepandishwa juu ya zile za mawe, kisha lawama inaangushwa Langoni.

Kwa kiambaza ninapendekeza bati chini, makuti juu. Kila baada ya nyumba chache, ujengwe ukuta wa mawe unaopita juu ya paa kwa nusu mita.

Fundi wa paa: Makuti yakilazwa moja kwa moja juu ya bati huoza haraka, hayapati hewa kwa chini. Yainuliwe kwa mbao, angalau sentimita 5.

Mkaguzi wa moto: Na uwazi huo huo utavuta moto kama bomba la moshi. Uzibwe kwa mawe na chokaa pale unapokutana na ukuta wa jirani, la sivyo bati litamlinda aliye ndani na kumuunguza wa pili.

Mwenye nyumba, Langoni: Kwa hiyo sasa nilipie mapaa mawili?

Msanifu wa uhifadhi: La. Nyumba ikiwekewa sharti la makuti, tofauti ya gharama ibebwe na aliyeweka sharti. Asipoweza, bati liruhusiwe, ila mwinamo na upenu vibaki vilevile. Nikilazimika kuchagua, nitauokoa ukuta kabla ya kuti.

Mkaguzi wa moto: Hilo nalikubali. Lakini nyaya zisingoje uamuzi huo: zitolewe ndani ya makuti, zipitishwe kwenye mabomba, viungio viwe ukutani. Na jiko lisiwashwe chini ya paa lisilo na dari.