Mjadala: Je, Pakistan ilitenda haki kumrudisha Mohammad Amir uwanjani?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, naomba tujadiliane kwa utulivu juu ya swali ambalo wapenzi wa kriketi hawajalimaliza tangu mwaka 2010: je, Mohammad Amir, mrushaji kasi wa Pakistan, alistahili kuvaa tena jezi ya taifa lake baada ya kufungwa kwa kosa la kurusha mipira iliyonunuliwa? Wengi ninaozungumza nao husema alistahili kwa sababu kipaji kama kile hakikufaa kupotea. Mimi nakubali kwamba alistahili, lakini sababu hiyo naikataa kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tubishane.

Tuanze na tendo lenyewe, kwa kuwa wengi wanalihukumu bila kulielewa. Katika kriketi mrushaji huja mbio, na anapoachia mpira ni lazima sehemu fulani ya mguu wake wa mbele iwe nyuma ya mstari uliochorwa chini. Mguu ukiuvuka mstari wote, mwamuzi hutangaza noboli, timu pinzani hupewa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, na mchezo unaendelea. Ni kosa dogo ambalo hakuna mrushaji asiyelifanya. Lakini katika uwanja wa Lord's, London, mwezi Agosti 2010, Amir aliuvuka mstari ule mara mbili kwa hatua ndefu ambayo hata aliyekaa mbali jukwaani angeiona, na mwenzake Mohammad Asif akauvuka mara moja. Mipira hiyo mitatu ilikuwa imekwisha kutajwa mapema, ova gani (ova moja ni mipira sita) na mpira wa ngapi, na wakala Mazhar Majeed, mbele ya mwandishi wa gazeti la News of the World aliyejifanya mtu wa kamari na kumlipa pauni 150,000. Habari hiyo ilipotoka tarehe 29 Agosti, Michael Holding, mrushaji kasi wa zamani wa West Indies, alishindwa kuzuia machozi mbele ya kamera za televisheni alipokuwa akimzungumzia kijana huyo.

Machozi yale yalikuwa na sababu. Katika mechi hiyohiyo Amir aliangusha wiketi 6, yaani aliwatoa wapigaji sita, akiruhusu mikimbio 84, na akawa mrushaji kijana kuliko wote kufikisha wiketi 50 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku tano, akiwa na umri wa miaka 18. Uingereza ilikuwa imebaki na mikimbio 102 huku wapigaji saba wakiwa wametoka, kabla Jonathan Trott na Stuart Broad hawajaungana na kuongeza mikimbio 332. Mwaka mmoja kabla, katika uwanja huohuo, kijana huyu aliyezaliwa Aprili 1992 katika kijiji cha Changa Bangyal, upande wa Gujar Khan mkoani Punjab, ndiye aliyefungua fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 kwa kumtoa Tillakaratne Dilshan wa Sri Lanka, aliyeongoza kwa mikimbio katika mashindano yote, bila kumruhusu hata mkimbio mmoja.

Sasa hoja yangu. Kama tunamsamehe kwa sababu ya wiketi hizo, basi tumekubali kwamba sheria ya mchezo ina bei, na kwamba mwenye mkono mzuri huuziwa kwa bei nafuu. Sababu ya haki ni nyingine. Nahodha, Salman Butt, alikuwa na umri wa miaka 25, na Asif alikuwa na miaka 27. Katika timu ile mchezaji mkubwa huitwa bhai, yaani kaka, na aliyekulia katika malezi ya aina hiyo anajua jinsi ilivyo vigumu kwa mdogo kuikaidi kauli ya kaka. Hakimu wa Southwark Crown Court, mahakama ya jinai ya London, aliyemhukumu miezi sita mwezi Novemba 2011 alitambua wazi kwamba, akilinganishwa na wenzake, Amir alikuwa kijana wa kijijini, mwenye elimu ndogo na mwepesi wa kushawishika. Jopo la Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lililomfungia miaka mitano lilimpa adhabu ya chini kabisa iliyoruhusiwa, kisha likashauri kanuni yenyewe irekebishwe ili kuwe na nafasi ya kupima adhabu. Alitumikia kifungo na akakaa nje ya mechi za kimataifa miaka yote mitano. Mtu aliyelipa deni lake lote hadaiwi tena, awe hodari au wa kawaida.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini umechagua cha kusimulia na cha kuacha. Hukusema kwamba mbele ya jopo la ICC kijana huyu alikana mashtaka, na kwamba alikiri tu kesi ilipofika katika mahakama ya jinai. Hukusema pia kwamba hakimu huyohuyo unayemtegemea hakukubali kuwa tukio la Lord's lilisimama peke yake, kwa sababu ujumbe wa simu ulionyesha mazungumzo ya aina hiyo kuhusu mechi iliyotangulia katika uwanja wa The Oval, London. Umri wa miaka 18 ni mdogo, nakubali, lakini ni umri wa mtu aliyekabidhiwa mpira mpya wa taifa na akaupokea.

Halafu jiulize swali hili: marufuku ya wachezaji wote watatu ilikwisha siku moja, tarehe 2 Septemba 2015. Kama kulipa deni ndiko kunakofungua mlango, kwa nini mlango ulifunguliwa kwa mmoja tu? Asif alikuwa na wiketi 106 katika mechi 23 za Test, na wapo wanaoamini alikuwa na ufundi kumpita Amir, lakini hakuitwa tena. Butt hakuitwa. Bodi ya Kriketi ya Pakistan ilimchagua yule ambaye bado alikuwa na miaka mingi ya kuitumikia. Hicho ndicho kipaji unachosema hakikuwa sababu.

Wachezaji wanaonihuzunisha mimi ni wale ambao hawakuuza chochote. Desemba 2015, Amir alipoitwa kambini, Mohammad Hafeez na Azhar Ali walikataa kufanya mazoezi pamoja naye. Azhar alikuwa nahodha wa timu ya ova 50, na alikuwa tayari kuuacha unahodha. Walibembelezwa hadi wakarudi. Mtu mwadilifu kubembelezwa avumilie, huku aliyekosa akipokelewa: haki ya namna gani hiyo? Na shukrani yake ikawa nini? Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 27 tu, aliziacha mechi za Test akiwa amecheza 36 na kupata wiketi 119, na Pakistan iliyomsubiri miaka mitano ikabaki kutafuta mrushaji mwingine.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongeza jambo moja tu, kutoka kwetu Kenya. Mwaka 2004 Maurice Odumbe, mmoja wa wachezaji waliotufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano usiofaa na mchezesha kamari. Alikuwa na umri wa miaka 35. Kwa hesabu ya karatasi ni adhabu ileile aliyopewa Amir, ila mmoja ilimwishia akiwa na miaka 23 na mwingine ilimkuta na miaka 40. Odumbe alirudi kucheza nyumbani, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa, lakini miguu ya kuivalia Kenya jezi ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo tusiseme wote wamelipa sawa. Miaka mitano si kipimo kimoja kwa kila mtu, na anayesema umri ulimponza Amir akubali pia kwamba umri ndio uliomwokoa.

Mleta mada:

Nawashukuru nyote wawili, na nakiri kwamba hoja ya Odumbe sikuwa nimeifikiria. Sina jibu la kuiondoa.

Kwa mchangiaji wa kwanza, juu ya Asif na Butt: mlango wa kriketi ulifunguliwa kwa wote, kwa sababu wote waliruhusiwa kucheza, na Januari 2016 Butt na Asif walikuwa wakicheza mashindano ya nyumbani. Kuitwa timu ya taifa ni jambo la uteuzi, na hakuna adhabu inayomhakikishia mtu uteuzi. Hata hivyo wawili hao waliendelea kukana hadi mwaka 2013, miaka miwili baada ya Amir kukiri mahakamani, na nahodha aliyemwingiza mdogo wake katika biashara hiyo hawezi kupimwa kwa mizani ya aliyeingizwa. Kuhusu kuziacha mechi za Test, mwili uliokaa zaidi ya miaka minne bila kurusha mpira wa ushindani haukuwa tena mwili ule wa mwaka 2010. Sioni usaliti hapo, ingawa nilihuzunika kama wewe.

Lakini juu ya Hafeez na Azhar umesema kweli tupu. Bodi ilipaswa kuketi nao kabla ya kutangaza lolote, iwasikilize, na iwape nafasi ya kusema hapana bila kuonekana wasumbufu. Badala yake msamaha ulitolewa ofisini, na walioubeba ni wao.

Naomba uikumbuke fainali ya Champions Trophy, mashindano ya kimataifa ya ova 50, dhidi ya India tarehe 18 Juni 2017, pale The Oval, kwa sababu inayahusu haya. Pakistan ilikuwa imeweka mikimbio 338. Amir alimtoa Rohit Sharma katika ova ya kwanza, kisha akakabiliana na Virat Kohli, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote wakati huo. Mpira uligusa ukingo wa gongo la Kohli na kwenda moja kwa moja mikononi mwa mtu aliyesimama nyuma yake, naye akauangusha. Mtu huyo alikuwa Azhar Ali. Amir akarudi mwanzo wa mbio zake, akarusha mpira uliofuata, Kohli akaupiga hewani, na Shadab Khan akaudaka. India ilimalizika kwa mikimbio 158. Mimi kilichobaki machoni mwangu ni ule muda mfupi katikati ya mipira miwili, ambapo Azhar alisimama mahali pake akiwa amekosea mbele ya dunia nzima, na aliyetakiwa kulifuta kosa lake alikuwa mtu ambaye miezi kumi na minane kabla Azhar alikataa hata kufanya naye mazoezi.