Tupeane uzoefu: Wakili wa talaka Uingereza anakupiga kalenda, ulifanyaje?

Mwanzisha mada
Wadau mlio Uingereza, habari zenu. Niko kwenye talaka, maombi yalishafika mahakamani, ila wakili wangu kila nikimpigia naambiwa yuko kwenye kikao. Barua pepe zinakaa mpaka nikumbushe, halafu linakuja jibu la mstari mmoja: "Tunasubiri upande wa pili." Tunasubiri nini, mpaka lini, hasemi. Watoto wananiuliza tutahama lini, sina cha kuwaambia. Mliopita huku naombeni yaliyowakuta ninyi wenyewe, si ya kusikia.

Tulizo
Pole sana dada. Kwanza tenganisha ucheleweshaji wa sheria na wa mtu. Tangu Aprili 2022 hapa England na Wales hakuna tena kuthibitisha nani alimkosea nani, lakini kuna muda ambao hata wakili hodari hauruki: wiki 20 tangu mahakama isajili maombi mpaka uruhusiwe kuomba amri ya masharti (mahakama kukubali kwamba mnaweza kuachana), kisha wiki 6 na siku moja ndipo uombe amri ya mwisho, ile inayovunja ndoa. Wa kwangu aliniandikia hizo tarehe kwenye karatasi siku ya kwanza, nikaibandika kwenye friji, na iliniondolea presha nyingi. Ila zile wiki 20 ndizo za kushughulikia nyumba, akiba na pensheni. Anayekaa kimya muda wote huo eti anasubiri wiki ziishe, huyo anakuchelewesha yeye.

Mpwani wa Leeds
Mimi kilichokwama ni Fomu E, ile ya kuweka wazi mali na madeni yako yote. Mume hakutaka kutoa taarifa za benki, kwa hiyo ni kweli tulikuwa tunasubiri. Nikaomba nakala za barua alizoandikiwa. Zote zilikuwa "tutashukuru mkituletea", hakuna hata moja yenye tarehe! Nikamwambia wakili barua inayofuata iweke siku ya mwisho, na iseme ikipita tunakwenda mahakamani. Ikapita, tukaenda. Kabla ya kufungua maombi ya mali kwa kawaida unahudhuria kwanza kikao cha kuelezwa kuhusu usuluhishi, isipokuwa una sababu ya kusamehewa kama ukatili wa nyumbani. Baada ya hapo mahakama yenyewe inapanga tarehe ya kikao cha kwanza, na mnapeana Fomu E zenu angalau siku 35 kabla yake. Mume aliyegoma muda wote ule, tarehe ya mahakama aliiheshimu.

Kaka Mtulivu
Dada, omba ankara yenye mchanganuo. Mawakili wengi hapa wanatoza kwa vipande vya dakika 6. Yangu ilisomeka hivi: kusoma barua pepe ya mteja, kipande kimoja, kujibu, kipande kimoja. Yaani kila "vipi, kuna jipya?" ina bei yake. Nikawa natuma ujumbe mmoja kwa wiki wenye maswali matatu tu: nini kimefanyika, tunamsubiri nani, na hatua inayofuata ni tarehe ngapi. Hilo la tarehe usikubali kujibiwa "karibuni". Tena mzoee msaidizi wake. Mara nyingi yeye ndiye anajua faili liko wapi, na saa yake ni nafuu.

Sauti ya Upole
Mimi nililalamika rasmi, na sioni aibu kusema. Barua uliyopewa ulipoanza inataja mtu wa kupokea malalamiko pale ofisini. Kila ofisi ya mawakili lazima iwe na utaratibu huo. Unaandika, unawapa wiki 8. Wakishindwa kukuridhisha unakwenda Legal Ombudsman, chombo cha kusikiliza malalamiko dhidi ya mawakili, bure, ndani ya miezi 6 tangu wakupe jibu la mwisho. Sikufika huko. Barua ilipoingia tu, mkubwa wake alilichukua faili langu mwenyewe. Kuhama pia ni haki yako, lakini wanaweza kulishikilia faili mpaka umalize deni lao, kwa hiyo jua unadaiwa kiasi gani kabla hujaaga.

Mwanzisha mada
Asanteni, nimesoma kila neno. Je, hiyo amri ya mwisho nikiiomba mwenyewe mtandaoni ili niachane na haya yote?

Tulizo
Talaka yenyewe wengi wanaifanya wenyewe mtandaoni na wakili wanamwachia mambo ya mali. Ila usikimbilie amri ya mwisho kabla makubaliano ya mali hayajapitishwa na mahakama. Mwenzako akifariki katikati wakati wewe si mkewe tena, pensheni ya mjane unaweza kuikosa. Nakuomba sana, hapo subiri.

Mwanzisha mada
Nimekuelewa, nasubiri. Maswali matatu ya kaka nimeshayatuma, na nimeomba nakala za barua zote wakili alizouandikia upande wa pili. Kama kuna aliyebadilisha wakili huku kikao cha mahakama kikiwa kimeshapangwa, naomba aniambie ilikuwaje. Changu kiko karibu.