Ajenti wa kazi za masaji nje: unanitafutia kazi au unaniuza?

Wakuu habari za muda huu. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo likichomoka neno kali mnivumilie.

Mimi ni mkandaji. Niko spa ya hoteli moja ya kitalii kaskazini mwa Unguja, cheti ninacho, na wapo wageni wanaorudi mwaka wa pili wakiniulizia kwa jina. Tatizo letu linajulikana: masika. Ikifika Aprili na Mei hoteli inabaki na walinzi na watu wa bustani, sisi wa spa tunaambiwa "mtaitwa". Kodi ya chumba haisubiri kuitwa. Ndiyo maana natafuta nafasi Maldivi au Falme za Kiarabu, kwenye hoteli inayojaza mwaka mzima.

Sasa njooni muone ninachokutana nacho kwa hawa wanaojiita maajenti.

Fomu inatumwa WhatsApp. Umri: 21 hadi 27. Urefu. Uzito. Rangi ya ngozi. Umeolewa? Una mtoto? Kisha: "Tuma picha ya uso, picha ya mwili mzima mbele na nyuma, na video fupi ukitembea." Chini kabisa, kama kitu kilichosahaulika: "Uzoefu: upo/haupo."

Video ya kutembea ya nini? Hata wale wa Kithai wanaompanda mteja mgongoni hakuna anayewapima mwendo kwanza! Nilipouliza, nikajibiwa kwa sauti iliyojaa asali: "Dada, wateja wa kule wanapenda mtu anayevutia, usiwe mgumu." Hapo nikaelewa tunazungumza biashara mbili tofauti.

Hoteli inayotafuta mkandaji kweli inakupigia kwa video, anakaa msimamizi wa spa, anakubana. Anataka kujua cheti chako ni cha VETA, cha hotelini tu, au ni cha kimataifa kama ITEC au CIDESCO. Anauliza mjamzito unamlazaje. Anauliza: mgeni ametoka safari ndefu ya ndege, shavu la mguu mmoja limevimba, lina moto na linauma, utafanya nini? Jibu ni kwamba humkandi. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, ukiichua donge linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu ukamuua mtu kitandani kwako. Unamfunika shuka, unamwambia kwa upole akamwone daktari, na unaandika kwenye kadi yake. Hayo ndiyo maswali. Msimamizi mwingine anakwambia umkande mtu mbele ya kamera, aone unatumia uzito wa mwili au unaua vidole gumba vyako, maana anayetegemea vidole gumba hafiki mbali kwenye kazi hii. Mimi hata singo ya Kizanzibari, ile ya kusugulia mwili, naitwanga mwenyewe, na ajenti ananiuliza kiuno.

Halafu hela. Laki kadhaa za "kushikilia nafasi", kabla hujaona jina la hoteli. Ukilipa inakuja ya vipimo, kisha ya "dhamana ya Maldivi". Jamani, dhamana ile ya mfanyakazi mgeni ni mzigo wa mwajiri, na kibali cha kazi anakiomba yeye, wewe ukiwa bado nyumbani. Falme za Kiarabu nako, sheria yao ya kazi ya 2021 inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe wazi wazi au kwa mlango wa nyuma. Hata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala asimtoze mtafuta kazi. Na Tanzania Bara, kwa sheria ya 1999, wakala wa ajira lazima asajiliwe kwa Kamishna wa Kazi. Ukimwomba namba ya usajili anakutumia picha ya ofisi yenye kapeti jekundu.

Kinachonitisha zaidi ya hela ni ile kauli ya "nenda kwanza na viza ya matembezi, tutabadilisha ukifika". Maldivi mtalii anagongewa siku 30 pale pale uwanja wa ndege, kuingia si kazi. Lakini ukishika chupa ya mafuta tu na ile viza, mvunja sheria ni wewe. Umedhulumiwa mshahara? Utamshtaki nani, ukiwa na kosa mkononi? Mwenzangu mmoja aliahidiwa hoteli ya ufukweni Dubai, akapokelewa kwenye fleti yenye mapazia mazito. Kurudi kwake alichangiwa nauli na ndugu. Ukimwuliza habari za huko, anabadilisha mazungumzo.

Najua kuna wanaume humu wameshaanza kuandika "njoo unikande mimi kwanza". Andikeni mmalize. Utani huo huo ndio ajenti anaoutumia kama biashara: kazi yetu ikishachukuliwa kuwa ni uchafu, binti akiuzwa watu wanasema aliyataka.

Wizara yenye dhamana ya kazi, na TaESA wa huduma za ajira serikalini, mko wapi? Matangazo haya yako Facebook na Instagram mchana kweupe, namba za simu zimeandikwa kubwa. Huhitaji mpelelezi, unahitaji bando.

Mliopo Maldivi, Oman, Qatar kwa mkataba halali, naomba mseme hapa: mliomba kwenye tovuti ya hoteli yenyewe au kwa wakala? Kibali mlikiona kabla ya tiketi? Ile asilimia 10 ya huduma anayotozwa mgeni huko Maldivi inawafikia, au nayo ina ajenti wake? Mtu aweke utaratibu aliopitia, hatua kwa hatua, uzi huu uwafae na wengine.

Maajenti msije inbox. Mwenye namba ya usajili aiweke hapa hapa hadharani.