Nairobi hakuna baridi?? Kipepeo cha choki kimetupwa!

Kobe_Ngong: Wakuu, fundi huyu nyote mnamjua, sitaji jina. Mikono ya kuunda wilibaro, mdomo wa profesa. Kaachiwa Volkswagen Beetle 1600 yangu yenye shida moja tu: asubuhi inakohoa dakika tano, ikipata moto inatulia. Dawa yake? Kafungua skrubu mbili, kachomoa kipepeo cha choki (kile kibati cha kuziba hewa mdomoni mwa kabureta), KAKITUPA. Halafu eti, "Mzee, Nairobi hakuna baridi."

Julai hii! Hata jiko linaomba blanketi!

Injini ikiwa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki imenata kwenye kuta za manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), silinda zinapata hewa nyingi, petroli kidogo. Choki inabana hewa ili petroli izidi. Sasa hakuna cha kubana. Gari inapiga chafya kwenye kabureta kama babu aliyenusa ugoro, ukigusa mafuta inazima.

Na choki yenyewe ni ya umeme! Kile kikopo cha pembeni: legeza skrubu tatu, zungusha hadi alama ikae kwenye ile ya katikati, kanyaga mafuta mara moja kipepeo kifunge, washa swichi. Dakika chache kinafunguka chenyewe. Kikikwama, pima waya kama una volti 12. Chai haijapoa umemaliza. Yeye katupa. "Hakuna baridi." Mshenzi.

BabaPlagi: Pole mkuu, na wewe ulikuwa wapi, kwa mandazi? Ulipima vali kwanza? 0.15 mm, gari ikiwa imelala usiku kucha. Beetle vali zikibana, taabu inaonekana asubuhi, maana ikipata moto nafasi inaongezeka. Pointi za distribyuta, 0.4 mm.

Kobe_Ngong: Vali ziko sawa. KIPEPEO ndicho hakipo!

Mtetezi_wa_Mafundi: Huku juu hewa ni nyepesi, mchanganyiko tayari umezidi petroli. Fundi ana hoja.

BabaPlagi: Hoja ya jeti hiyo (kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta), si ya choki. Wewe ndiye yeye, sema ukweli 😂

Shosho_wa_Solex: Shikeni lile bomba jembamba linalopita chini ya manifoldi. Injini imenguruma dakika kumi na bado ni baridi kama soda? Limeziba masizi, hata choki kumi hazitasaidia. Kisha zima, chungulia kabureta, vuta waya wa mafuta: petroli iruke mchirizi. Isiporuka, huenda kiwambo cha pampu ya kabureta kimechanika.

Simba504: Ndiyo maana sisi tuna Peugeot 504. Choki unavuta kwa mkono, hakuna kikopo wala kulia. Ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, kaulizeni.

Shosho_wa_Solex: Na tangu 1978 mnaisukuma.

Simba504: Tunasukuma kwa sababu ya yule muuza gasketi wa mjini! Anakata katoni ya maziwa anakuuzia "orijino". Wiki moja inanyonya hewa. Pulizia dawa ya kabureta kwenye kiungo, mngurumo ukibadilika basi ni pale.

BabaPlagi: Huyo!! Plagi zake nazo pengo 1.1, wakati Beetle inataka 0.7.

Mtetezi_wa_Mafundi: Na rota zake za distribyuta zina nyufa zikiwa bado kwenye boksi.

Kobe_Ngong: Jamani, kipepeo...

Simba504: Kipepeo gani? Kuna mwenye raba ya mlango wa nyuma wa 504, kushoto? Isiwe ya yule wa katoni.