Naomba ushauri: mdogo wangu hataki watu wajue kuwa hatapona

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu ana miaka 19. Saratani ya mfupa ilianzia juu kidogo ya goti, sasa iko kwenye mapafu. Daktari ametuambia wazi, mimi na yeye, kuwa kilichobaki ni tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu tu, si kumponya. Anakunywa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo.

Tunaishi mpakani, mbali na hospitali. Tuko wachache, kila mtu ni ndugu wa mwenzake, na jirani haombi ruhusa kuingia. Jioni ua unajaa: huyu kaleta kuni, yule anasoma dua, mwingine ana mizizi ya kuchemsha. Wametubeba mno, siwezi kuwafukuza.

Juzi usiku kanishika mkono: "Dada, usiwaambie. Wataanza kunililia ningali hai."

Hata mama hajui, bado anahesabu siku za kupona. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mliowahi kuuguza, nimwambie mama peke yake? Au nimwombe mdogo wangu kwanza, aseme mwenyewe? Nisaidieni, muda ni mfupi.