Mbwa ananuka mdomo, meno yana ukoga mgumu. Naomba ushauri

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, Nyegezi, nafuga mbwa wa kienyeji, ana miaka 5. Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa wa mwaloni Kirumba, kwa hiyo harufu ya mdomo nilidhani ni dagaa tu. Juzi nikamfunua mdomo juani: magego ya juu yana gamba la kahawia, ukilikwangua kwa kucha halitoki, na fizi pembeni zimekuwa nyekundu.

Dawa yetu ya meno najua haimfai, maana yeye hatemi, anameza, na zile zenye zailitoli (kile kitia utamu badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa. Nimeanza na kitambaa safi kidoleni, maji matupu. Siku ya kwanza kanivumilia, ya pili kakimbilia chini ya bodaboda ya jirani.

Waliofanikiwa, mlimzoeshaje mswaki? Ule laini wa mtoto unafaa? Na hilo gamba, ni lazima daktari wa mifugo amchome sindano ya usingizi ndiyo alitoe? Huwa wanatoza kiasi gani huku kwetu? (Mifupa ya kuku msinishauri, ikishapikwa inapasuka vipande vikali.)