Panga boi la mbao kwenye dari la boriti, ninunue lipi?

Mjukuu_wa_Ngamiani
Wakuu habari za muda huu. Tumerithi nyumba ya mawe ya babu huku Tanga, dari ni boriti na chokaa, na mama hataki kabisa nigeuze kitu, jipsamu hataki hata kuisikia. Shida joto. Sebule ni nyembamba, upana mita 2.7 urefu kama 6, dari liko juu mita 3.3. Nataka panga boi la muonekano wa kizamani, mapanga ya mbao na chuma cheusi, lisigombane na zile boriti. Shemeji yuko Marekani anasema ataniletea la inchi 60. Nichukue?

fundi_waya
Mkuu mwambie shemeji asubiri. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120 huku 230, ukiliunga hivi hivi linaungua. Watu watakwambia weka transfoma ya kushusha, sawa volti itashuka lakini umeme wao ni hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde, wetu 50, mota itazunguka pole pole na kuunguruma, tafuta tu lililoandikwa 220-240. Halafu inchi 60 ni mita moja na nusu, upepo wote utabaki katikati na aliyekaa mwisho wa sebule ajipepee na kanga. Weka mawili ya inchi 42 au 48, kila moja na nusu yake ya sebule.

Na usiyabane juu. Kwa dari lako nunua bomba refu, sentimita 50 mpaka 60, mapanga yakae kama mita 2.5 toka sakafuni, yasishuke chini ya 2.1 mtu akivua shati mkono ukapita humo.

dada_wa_pwani
Niko Bagamoyo karibu na bahari. Mimi nililinunua kwa uzuri tu, kumbe mapanga ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao na gundi, imebandikwa karatasi ya rangi ya mbao, masika ya kwanza ncha zikainama kama majani ya mgomba na skrubu zote kutu. Sasa nina la plastiki ngumu yenye mistari ya mbao, ukikaa chini hujui kabisa.

Mjukuu_wa_Ngamiani
Asante dada. Je nikinunua la kawaida halafu seremala anichongee mapanga ya mninga?

fundi_waya
Hapana kaka, nakuomba. Mota imepimwa kwa uzito wa mapanga yake, ukiweka mazito inachemka, na panga moja likizidi hata kidogo chombo kizima kinayumba juu ya vichwa vya watu. Kama unataka mbao kweli nunua lililotoka kiwandani na mbao zake. Ukipata la mota ya DC chukua, linakula kama wati 30 wakati la kawaida 75, kwa masaa 10 ni uniti 0.3 badala ya 0.75, kwenye luku utaona. Ila hilo lina rimoti yake, usiliunge kwenye regyuleta ya ukutani.

Kubwa kuliko yote ni boriti. Usitundike kwenye moja, laza chuma juu ya mbili au tatu ndio kulabu ishike hapo, na kabla ya yote gonga kila boriti usikilize, ikilia kama ngoma ndani mmeshaliwa na mchwa.

Mjukuu_wa_Ngamiani
Nimeazima ngazi kwa jirani, kesho asubuhi nagonga zote. Nitaleta picha.